Kanisa Dogo la Wareno Malindi: Historia, Kisakale na Ushahidi wa Neno "Gereza"

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia na visakale vinavyohusu kanisa dogo la Wareno lililopo Malindi, katika pwani ya Kenya. Kwa kulinganisha jengo lenyewe, shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama, barua ya Francis Xavier ya mwaka 1542 na msamiati wa Kiswahili wenye asili ya Kireno, makala yanaonesha kwamba kisakale cha kanisa hilo kimewakuza wageni mashuhuri na kuwafifisha wenyeji waliotoa ardhi, ulinzi na idhini. Makala yanadai kuwa kanisa hilo lieleweke kwanza kuwa ushahidi wa ukarimu wa kisiasa wa mji wa Waswahili Waislamu kwa wageni Wakristo, na pia ushahidi wa gharama iliyotokana na ukarimu huo. Historia ya neno "gereza", lililotokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, inachukuliwa kuwa chanzo cha kihistoria chenye hadhi sawa na mawe na hati. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wasimamizi wa malikale, waandishi wa vitabu vya kiada na vyombo vya kukuza Kiswahili katika kanda.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, kanisa dogo la Wareno la Malindi ni mojawapo ya yale yanayosimuliwa sana na kuchunguzwa kidogo. Mgeni anayefika mjini huelezwa mambo matatu kwa pamoja: kwamba kanisa lilijengwa na Vasco da Gama, kwamba Mtakatifu Francis Xavier, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humwita Fransisko Ksaveri, alisali humo, na kwamba aliwazika hapo mabaharia wawili. Mambo hayo yamerudiwa katika vitabu vya mwongozo na katika mazungumzo ya watembeza watalii hata yakachukua sura ya historia iliyothibitishwa.

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili hutofautisha kisasili, ambacho hueleza chanzo cha ulimwengu na mambo yake, na kisakale, ambacho baadhi yao hukiita mighani. Kisakale husimulia mambo ya watu walioishi kweli, katika mahali panapojulikana, lakini huyapanga upya matendo yao kulingana na mahitaji ya wasimuliaji. Kwa hiyo kisakale si uongo. Ni kumbukumbu iliyochaguliwa, na swali la msingi kwa mtafiti ni nani aliyechaguliwa akumbukwe na nani aliyeachwa.

Swali hilo lina uzito zaidi ya udadisi wa kitaaluma. Katika miji ya pwani, majengo ya kale hutumiwa kama hoja katika mijadala ya leo kuhusu nani alitangulia, nani ni mgeni na dini ipi ina haki ya mahali. Kwa wengine, kanisa la Malindi ni alama ya kuingia kwa Ukristo katika nchi iliyokuwa gizani. Kwa wengine, ni alama ya uvamizi. Makala haya yanadai kwamba mitazamo yote miwili imejengwa juu ya pengo moja, nalo ni kutotajwa kwa wenyeji wa mji.

2.0 Jengo na Mji

Kanisa lenyewe ni dogo sana. Ni chumba kimoja cha mstatili, chenye kuta nene zilizopakwa chokaa na paa la makuti, kikiwa karibu na bahari ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta. Ndani ya uwanja huo mna makaburi, mengi yao yakiwa ya Wazungu wa vizazi vya baadaye sana kuliko Wareno. Jengo liko chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Paa la makuti, kwa asili yake, hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Hivyo kinachoweza kudai ukale ni kuta, wala si paa.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba jengo hili halikuhitaji ufundi wa kigeni. Mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa, boriti za mikoko na makuti ndivyo vifaa ambavyo waashi wa Waswahili walikuwa wamevitumia kwa karne nyingi kujenga misikiti, nyumba na makaburi. Hatua chache kutoka ufukweni, karibu na msikiti wa Ijumaa wa Malindi, yapo makaburi ya mnara ya kale yanayohesabiwa kuwa ya karne ya 15. Yakitazamwa pamoja, makaburi hayo na kanisa yanaonesha utamaduni mmoja wa ujenzi unaotumikia ibada mbili.

Mji uliowapokea Wareno haukuwa kijiji cha kusubiri kugunduliwa. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walifika katika ua wa mfalme wa China wakiwa na zawadi ya twiga, yaani miaka 83 kabla ya meli ya kwanza ya Kireno kutia nanga hapo. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliueleza mji wenye nyumba za mawe na chokaa, bustani za matunda na wafanyabiashara wa nguo, dhahabu na pembe za ndovu. Mji wa namna hiyo ulikuwa umezoea wageni na ulikuwa na taratibu za kuwapokea. Mabaniani wa Gujarat, Waarabu na Waajemi walikuwa wakikaa humo kwa kufuata misimu ya kaskazi na kusi. Wareno waliingia katika taratibu zilizokuwapo.

3.0 Yaliyoandikwa: 1498 na 1499

Chanzo cha karibu zaidi kuhusu safari ya kwanza ya Vasco da Gama ni shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu wa msafara huo, ambayo mara nyingi huhusishwa na Álvaro Velho. Kwa mujibu wa shajara hiyo, meli zilitia nanga mbele ya Malindi jioni ya tarehe 14 Aprili 1498, siku moja kabla ya Pasaka, na ziliondoka tarehe 24 Aprili kuelekea Calicut. Wakati huo wote Vasco da Gama mwenyewe hakushuka pwani. Sultani alimwalika nyumbani kwake, naye akajibu kwamba bwana wake hakumruhusu kwenda nchi kavu. Walikutana baharini, kila mmoja akiwa katika chombo chake.

Habari hiyo peke yake inatosha kuliondoa dai la kwamba kanisa lilijengwa na Vasco da Gama katika safari hiyo. Kiongozi ambaye hakukanyaga ufukwe, aliyekuwa akitafuta rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi, na ambaye alikuwa ametoka Mombasa siku chache tu zilizopita akiwa na hofu ya kushambuliwa, hakuwa na nafasi wala sababu ya kujenga nyumba ya ibada.

Safari ya kurudi inatoa picha nyingine. Meli zilifika Malindi tarehe 7 Januari 1499 baada ya takriban miezi mitatu baharini. Ugonjwa wa kiseyeye ulikuwa umewaua mabaharia wengi, na waliobaki walikuwa wachache mno kuziongoza meli. Sultani aliwapelekea vyakula na machungwa. Hata hivyo, shajara inasema kwamba wengi wa wagonjwa walifia hapo Malindi. Katika siku hizo tano, Wareno waliomba mambo mawili: pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wao, na ruhusa ya kusimamisha nguzo ya jiwe katika nchi ya Malindi iwe ishara ya urafiki. Sultani alikubali yote mawili.

Nguzo hiyo yenye msalaba, iliyochongwa kwa jiwe la chokaa kutoka Ureno, ndiyo inayohusishwa na mnara uliopo leo kwenye rasi ya Malindi. Inaelezwa kwamba hapo awali ilisimama karibu na makazi ya sultani, kisha ikahamishwa. Kwa mjadala wa makala haya, neno muhimu ni "ruhusa". Nguzo kama hizo zilisimamishwa na Wareno katika pwani nyingi za Afrika kama alama ya kujitwalia mahali. Malindi, nguzo iliombwa. Mwandishi wa shajara, ambaye hakuwa na sababu ya kuutukuza mji wa Waislamu, ameliandika jambo hilo waziwazi.

Hivyo kumbukumbu za mwanzo zinaacha vitu viwili nchi kavu, yaani msalaba wa jiwe na maiti wa mabaharia. Kanisa halitajwi. Inaelekea kwamba haja ya kuzika ilitangulia haja ya kujenga. Baadaye, Wareno walipoweka Malindi kituo cha biashara na kapteni wa pwani, jumuiya ndogo ya Wakristo ilihitaji mahali pa kusalia. Kipindi kinachofaa zaidi kuhusishwa na kanisa ni karne ya 16, kabla ya mwaka 1593, wakati makao ya Wareno yalipohamishiwa Mombasa.

4.0 Mazishi ya Mwaka 1542

Francis Xavier aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541 katika msafara wa Martim Afonso de Sousa, gavana mpya wa India. Baada ya kukaa miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji wakisubiri upepo, waliendelea mapema mwaka 1542, wakapitia Malindi na Sokotra, na kufika Goa tarehe 6 Mei. Tarehe 20 Septemba mwaka huo Xavier aliandika barua kutoka Goa kwenda kwa wenzake wa Roma, na humo akaeleza mambo ya Malindi.

Maelezo yake ni mafupi lakini yana mambo manne. Kwanza, mtu mmoja wa merikebu yao alifariki walipokuwa bandarini, nao wakamzika Malindi kwa taratibu za Kikristo. Pili, Waislamu wa mji waliitazama ibada hiyo ya mazishi na wakaonekana kuridhishwa na namna Wakristo wanavyowazika wafu wao. Tatu, mmoja wa wakuu wa mji alimuuliza Xavier kama Wakristo wa kwao wanahudhuria makanisa yao na kama wanasali kwa bidii. Alieleza kwamba mjini mlikuwa na misikiti 17, lakini ni mitatu tu iliyohudhuriwa, tena na watu wachache. Nne, Xavier aliuona msalaba mkubwa wa jiwe uliosimamishwa na Wareno, na kuuona kulimpa faraja kubwa. Huenda msalaba huo ndio uliotoka katika nguzo ya mwaka 1499. Kanisa la Malindi halitajwi katika simulizi hilo.

Barua hiyo inapaswa kusomwa kwa tahadhari. Iliandikwa kwa wenzake wa shirika moja la kidini ili kuwatia moyo, na mwandishi aliona kila dalili ya kulegea kwa ibada ya Kiislamu kuwa habari njema kwake. Idadi ya misikiti inaweza kuwa aliyoambiwa, aliyosikia vibaya au aliyoitia chumvi. Majibu aliyompa mwenyeji wake yalikuwa ya mabishano, si ya kusikiliza. Pamoja na hayo, chini ya kusudi la mwandishi inasikika sauti ya mtu mwingine. Mwislamu mmoja wa Malindi, mtu mzima mwenye cheo, anamfuata padri mgeni baada ya mazishi na kumuuliza kama na kwao watu wameacha kusali. Hilo si swali la adui, wala si la mtu anayetaka kubadili dini. Ni swali ambalo mzee yeyote wa msikitini anaweza kumuuliza mgeni wa dini nyingine, kwa kuwa linamsumbua moyoni.

Mazungumzo hayo ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema kabisa zilizoandikwa za Mswahili wa pwani na Mkristo wa Ulaya wakizungumzia imani bila silaha kati yao. Yalitokea kwa sababu mji ulikubali maiti ya mgeni izikwe katika ardhi yake. Katika mila za Waswahili, maziko ni jambo la jamii nzima, na kuhudhuria ni wajibu unaovuka ugomvi. Kwamba watu wa Malindi walisimama wakatazama mazishi ya mtu asiye wa dini yao ni jambo linaloafikiana na mila hiyo. Na hili ndilo jambo ambalo kisakale cha leo hakilitaji hata kidogo.

5.0 Jinsi Kisakale Kinavyojengwa

Kulinganisha hati na masimulizi kunaonesha mbinu tatu zilizotumika kukijenga kisakale cha kanisa.

Mbinu ya kwanza ni kuvuta kazi ya wengi kuelekea jina moja kubwa. Waashi waliochoma chokaa, mabaharia waliokufa kwa kiseyeye na makapteni waliokaa Malindi miaka mingi hawana majina yanayovutia. Vasco da Gama ana jina, basi jengo linapewa yeye. Mbinu hiyohiyo imetumika kwa habari ya rubani aliyeziongoza meli hadi Calicut. Masimulizi yaliyoenea humtaja Ahmad ibn Majid, mwanamaji na mshairi mashuhuri wa Oman. Dai hilo linatokana na maandishi ya Kiarabu ya karne ya 16 yaliyoandikwa baada ya tukio. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, anamtaja rubani huyo kwa jina la Malemo Caná na kusema kuwa alikuwa mtu wa Gujarat. Kwa msomaji wa Kiswahili, sehemu ya kwanza ya jina hilo inajieleza. "Malemo" ni mwalimu, cheo cha bingwa wa njia za bahari kilichotumika katika Bahari ya Hindi. Hati ya Kireno imehifadhi cheo cha kazi, na kisakale kimekibadilisha kwa jina la mtu maarufu.

Mbinu ya pili ni kuongeza. Barua inataja maiti mmoja. Masimulizi ya baadaye hutaja wawili. Barua inataja msalaba. Masimulizi yanataja kanisa. Nyongeza hizi hazikufanywa kwa hila. Jengo lipo na linaonekana, makaburi yapo, mtakatifu alipita. Msimuliaji anaunganisha vilivyopo.

Mbinu ya tatu ni kurudisha nyuma hadhi iliyopatikana baadaye. Mwaka 1542 Xavier alikuwa padri wa umri wa miaka 36 hivi, msafiri mmoja kati ya wengi waliofuatana na gavana. Alitangazwa kuwa mtakatifu mwaka 1622, miaka 80 baada ya kupita Malindi na karibu miaka 30 baada ya Wareno kuhamisha makao yao. Kuanzia hapo, kila mahali alipokanyaga palipata heshima mpya. Mazishi ya baharia yakawa mazishi aliyoyafanya mtakatifu, na watu waliosimama kutazama wakaondoka katika hadithi.

6.0 Gharama ya Ukarimu

Si sahihi kuugeuza ukarimu wa Malindi kuwa kisakale kingine. Masultani wa Malindi walikuwa na sababu zao. Mombasa ilikuwa mshindani mwenye nguvu, na mgeni mwenye mizinga alikuwa mshirika wa manufaa. Mombasa ilishambuliwa na kuporwa na Wareno mwaka 1505 na tena mwaka 1528, na Malindi ilifaidika na udhaifu huo wa jirani. Msalaba uliosimama Malindi ulikuwa ishara ya urafiki, lakini jirani wa Malindi walikuwa na haki ya kuuona kwa jicho jingine.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Makao yao yalihamia huko, na Sultani Ahmad wa Malindi akafanywa mtawala wa Mombasa. Ushindi huo ulikuwa mwanzo wa kudidimia kwa Malindi. Biashara ilifuata ngome, watu wakafuata biashara, na mji ukapungua hadi ukabaki magofu, usihuishwe tena ila katika karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar.

Mwana wa Ahmad, Sultani Hasan, aligombana na makapteni wa Kireno na akauawa mwaka 1614. Mjukuu wake, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia na kurudishwa kutawala Mombasa. Mwezi Agosti 1631 alimuua kapteni wa ngome, akarudia Uislamu, na Wakristo wa mji wakauawa. Katika kumbukumbu za Kanisa, waliouawa ni mashahidi wa Mombasa. Katika historia ya pwani, Yusuf ni mtawala aliyekataa kudhalilishwa. Kinachosahaulika katika simulizi zote mbili ni kwamba aliyefanya hivyo alikuwa wa ukoo uleule wa masultani wa Malindi uliopata nafasi yake kwa urafiki na Wareno. Karne moja na theluthi ilitosha kuugeuza urafiki kuwa kisasi.

7.0 Neno "Gereza" kama Chanzo cha Historia

Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya kipindi hiki kwa namna ambayo mawe hayakuweza. Maneno kama meza, bendera, leso, kasha, karata, mvinyo na nanasi yanatoka katika Kireno. Yanahusu vitu vya sokoni, vya nyumbani na vya melini. Katika uwanja wa dini, mkopo kutoka Kireno ni mdogo mno: neno padri ndilo linaloonekana zaidi. Kanisa, msalaba na injili ni maneno yaliyoingia kwa njia ya Kiarabu, na ndiyo yaliyochaguliwa na wamisionari na wafasiri wa karne ya 19 kuwa msamiati wa kawaida wa Wakristo.

Hata hivyo Wareno walikuwa na neno lao la kanisa, nalo lilifika. Neno hilo ni "igreja". Irabu ya mwanzo ilidondoka, mfuatano wa konsonanti "gr" ukavunjwa kwa kupachikwa irabu "e", kama ilivyo kawaida ya muundo wa silabi za Kiswahili, na sauti ya "j" ya Kireno ikasikika kama "z". Likatokea neno gereza, ambalo liliingia katika ngeli ya LI-YA na kupata wingi wa magereza. Kifonolojia, mabadiliko haya ni ya kawaida. Kisemantiki, ni ya kushangaza.

Maelezo yanayokubalika zaidi yanafuata majengo yenyewe. Ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa, na magofu yake yapo hadi leo. Zanzibar, Waomani walijenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na sehemu ya mabaki ya kanisa hilo ikaunganishwa na kuta za ngome. Kwa watu wa nje, mahali palipoitwa kanisa palikuwa ndani ya kuta zenye askari. Jina la sehemu likawa jina la jumla, na gereza likawa na maana ya ngome. Kilwa Kisiwani, ngome iliyopo huitwa Gereza, ingawa sehemu kubwa ya jengo linaloonekana ni ya zama za Waomani. Jina hilo linaonesha kwamba neno lilikuwa limekwisha kuenea likiwa na maana ya ngome, bila kutegemea kuwapo kwa kanisa. Kisha ngome zikatumika kuwafungia watu: ya Zanzibar katika karne ya 19, ya Mombasa kuanzia 1895 hadi 1958. Maana ya ngome ikafifia, ikabaki ya kifungo.

Hatua hizi tatu, kutoka kanisa hadi ngome na kutoka ngome hadi mahali pa wafungwa, ni muhtasari wa historia iliyoanzia Malindi. Hakuna mtu aliyekaa kuutunga. Wasemaji wa Kiswahili walitaja walichokiona mbele yao katika kila kizazi, na matumizi yao yakawa kumbukumbu. Leo Idara ya Magereza ya Kenya na Jeshi la Magereza la Tanzania hutumia kila siku neno lililoanza likiwa jina la nyumba ya sala.

Hapa ndipo kanisa la Malindi linapopata umuhimu wa pekee. Ni jengo la Wareno ambalo halikuzungushiwa ngome. Lilisimama katika mji usio wa Wareno, likilindwa na neno la sultani. Linawakilisha hatua ya kwanza ya historia ya neno, wakati "igreja" ilikuwa bado kanisa tu. Mombasa, Zanzibar na Kilwa zinaonesha kilichofuata.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba kanisa dogo la Wareno la Malindi haliwezi kuhusishwa na Vasco da Gama kwa ushahidi wa shajara ya safari yake, na kwamba barua ya Francis Xavier inathibitisha mazishi ya mtu mmoja na mazungumzo na wenyeji, si kujengwa kwa kanisa. Yameonesha pia kwamba kisakale cha kanisa kimehifadhi wageni na kuwapoteza wenyeji, ilhali vyanzo vya Kireno vyenyewe vinakiri kuwa msalaba ulisimamishwa na maiti ilizikwa kwa ridhaa ya mji wa Waislamu.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. La kwanza linawahusu wasimamizi wa malikale. Maelezo yanayowekwa mbele ya wageni yatenganishe wazi mambo matatu: yaliyoandikwa na mashahidi, yanayokisiwa kutokana na jengo, na yanayosimuliwa. Kisakale kisifutwe, kwa kuwa nacho ni urithi. Kiitwe kisakale. Maelezo hayo yatolewe kwa Kiswahili sanifu kwa ukamilifu uleule unaopewa lugha za watalii, kwa sababu wenye mji ndio wenye haki ya kwanza ya kuelezwa habari za mji wao.

La pili linawahusu waandishi wa vitabu vya kiada vya Historia. Somo la ujio wa Wareno hufundishwa kwa kawaida kama orodha ya mashambulizi na ngome. Habari za Malindi za 1499 na 1542 ziingizwe, pamoja na za 1593, 1614 na 1631, ili mwanafunzi aone jinsi uhusiano wa dini mbili ulivyoweza kuanza kwa ruhusa na mazungumzo, na ni maamuzi gani ya kisiasa yaliyouharibu. Mwanafunzi anayejua kwamba chuki ilikuwa na mwanzo na sababu ni vigumu kumshawishi kwamba chuki ni ya asili.

La tatu linavihusu vyombo vya lugha, hasa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa. Kamusi nyingi za Kiswahili hutaja lugha chanzi ya neno mkopo na kuishia hapo. Panahitajika mradi wa pamoja wa kamusi ya kihistoria, utakaoeleza njia ambayo kila neno limepitia, mahali na zama. Ngome ya Yesu, Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia na zimo katika nchi mbili tofauti, lakini zote zimeunganishwa na historia ya neno moja. Malindi ndiko historia hiyo inakopata mwanzo unaoweza kutembelewa na kuguswa. Kuta za kanisa lile zinahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara ili zisimame. Maelezo yake nayo yanahitaji kurudiwa kwa uangalifu huohuo.